Tres Hombres ya ZZ Top: kaseti ya mjomba na CD zangu mbili, kwa nini ngoma hazilingani?

Mwana_wa_Raskazone

Heshima kwenu wakuu.

Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia. Mwaka 1979 alirudi Tanga na mfuko wa kaseti, mojawapo Tres Hombres, albamu ya ZZ Top, bendi ya roki ya Marekani. Nilikuwa na miaka tisa. Maneno ya nyimbo sikuyaelewa hata kidogo, lakini kaseti ile niliijua mwanzo hadi mwisho, kila mkwaruzo wa gitaa. Redio ilipoutafuna mkanda mwaka 1991 nilitoa machozi, na nilishakuwa mtu mzima.

Kilichonishika ni ngoma. Zilikuwa kavu, ziko karibu, kama mtu anatwanga kinu uani nawe umekaa jikoni. Besi inatembea chini yake, gitaa linakwaruza juu, basi. Hakuna kilichozidi.

Mwaka 1996 nikapata CD ya albamu hiyohiyo. Picha ya jalada ileile, nyimbo kumi zilezile. Nikaweka, nikakaa kusikiliza. Ngoma zikaja kama zinapigwa ndani ya tangi tupu la maji, kila pigo linaacha mwangwi nyuma yake. Niliisikiliza mara tatu nikaifungia kabatini. Mke wangu akaniambia ni utoto tu ule, mtu akikua hata maembe ya nyumbani kwao hupungua utamu. Nilimwamini miaka yote hiyo.

Mwezi uliopita mpwa wangu kaniletea CD nyingine, toleo lililosafishwa la 2006. "Waitin' for the Bus" ilipoanza nilijikuta nimesimama. Kinu kilekile! Nikamwita mke wangu aje asikie.

Sasa naomba mnieleweshe mambo mawili. Hao waliosafisha wamefanya nini hadi mwangwi wote ukaondoka? Na la pili: wimbo wa kwanza ukiisha, "Jesus Just Left Chicago" unaingia palepale, hakuna hata nafasi ya kuvuta pumzi. Miaka yote nilidhani kaseti ya mjomba ilirekodiwa vibaya. Kumbe na CD iko hivyo. Ndivyo walivyokusudia?

Fundi_Spika

Mkuu, masikio yako yalikuwa sahihi tangu 1996. Mwambie na shemeji.

CD ile ya kwanza haikuwa na sauti ya 1973. Mwaka 1983 ZZ Top walitoa Eliminator, ikauza sana, na sauti yake ilikuwa ya vyombo vya kielektroniki. Mwaka 1987 ikatoka Six Pack, CD tatu zenye albamu zao sita za zamani, na nyingi kati ya hizo zilichanganywa upya zifanane na sauti ya miaka ya 80. Ngoma za Frank Beard ndizo zilizoumia zaidi: zikatiwa mwangwi na mlio wa kielektroniki. Aliyenunua CD ya Tres Hombres miaka iliyofuata alipewa mchanganyiko huo, na jalada halikumwambia kitu. Hilo ndilo linaloniuma mimi kama fundi.

Watu huchanganya rimiksi na rimasta. Rimiksi ni kurudi kwenye mkanda wa njia nyingi, ambako ngoma ziko peke yake, besi peke yake, sauti ya mwimbaji peke yake, ukapika upya kuanzia mbichi. Rimasta ni kushika mkanda mama wa njia mbili, kushoto na kulia, chakula kimeshaiva. Hapo unaweza kusawazisha besi na sauti za juu, kupunguza mvumo wa mkanda, kupandisha nguvu kidogo. Mwangwi uliokwisha kuchanganywa na ngoma huutoi, kama usivyotoa chumvi kwenye mchuzi.

Kwa hiyo mwaka 2006 hakuna aliyefuta mwangwi. Walirudi kwenye mchanganyiko wa 1973 wenyewe, ule alioufanya fundi Terry Manning katika studio ya Ardent kule Memphis, ndio wakausafisha. Mwangwi unaousema haujawahi kuwemo humo.

Bi_Santuri_Mombasa

Kaka, mimi nina santuri yenyewe. Jalada lake hufunguka, na ndani kuna picha ya meza iliyojaa chakula cha Kimeksiko, jibini imeyeyuka juu ya kila kitu. Kwenye CD picha ile huwa kama stempu.

Kuhusu nyimbo mbili zilizogusana: zilitungwa mbalimbali. Billy Gibbons, mpiga gitaa na mwimbaji wao, ameshaeleza kwamba wakati wa kuunganisha mkanda nafasi kati yake ilikatwa kupita kiasi. Walipousikiliza wakaona unakwenda vizuri, wakauacha. Stesheni nyingi za redio Marekani huzipiga pamoja mpaka leo, kama wimbo mmoja. Mimi naona walifanya vyema. Ule wa kwanza unatembea, harmonika inalia, mtu anangojea basi. Mara ukaangukia bluzi ya polepole. Ukiweka sekunde tatu za kimya katikati, umeshaua.

Toleo la 2006 ni zuri, nalo lina nyimbo tatu za jukwaani mwishoni. Lakini ukipata santuri isiyokwaruzika, chukua santuri.

Mzee_wa_Bugi

Niongeze kuhusu hiyo ngoma kavu. Msikilizeni mwanabluzi John Lee Hooker katika "Boogie Chillen'" ya 1948: gitaa lake na mguu wake unaopiga sakafu, basi. "La Grange" ya albamu hii imekaa juu ya mpigo huohuo. Sasa mtu anapokuja kuutia mwangwi, sakafu imeondoka.

Wimbo wenyewe unahusu danguro lililokuwa nje ya mji wa La Grange, Texas, watu wakiliita Chicken Ranch. Albamu ilitoka mwishoni mwa Julai 1973, na danguro likafungwa tarehe 1 Agosti baada ya mtangazaji wa televisheni wa Houston kulianika. Wimbo ukaanza kupigwa redioni mlango umeshafungwa.

Mwana_wa_Raskazone

Wakuu, nimewasoma nikiwa na CD zote mbili mezani. Fundi, suala la chumvi kwenye mchuzi limenikaa.

Jana usiku nimepiga "La Grange" ya 1996 kisha ya 2006, kwa hedifoni. Mwanzoni Gibbons ananguruma kwa sauti ya chini, gitaa dogo, na Beard anagonga ukingo wa ngoma kwa kijiti. Kwenye ya 2006 kijiti ni kijiti, mti juu ya chuma. Kwenye ile nyingine kila pigo lina kivuli. Mke wangu kasikiliza zote mbili, kavua hedifoni, kaniambia, "Baba Asha, nisamehe." Kisha akaniomba nirudie ile ya pili tangu mwanzo.

Mjomba alikuwa na Fandango! pia, ile ya 1975, ila kaseti yake ilipotea. Nasikia nayo ilisafishwa 2006 kutoka mchanganyiko wa asili. Aliye Tanga au Dar na anayo, tafadhali aniambie. Nitakuja mwenyewe kuisikiliza kwanza.