Tupeane uzoefu: Siku pikapu ilipokuzimikia njiani kwa sababu ya mafuta au uzembe wa chini ya boneti

Mama Vitunguu, Makambako

Ndugu zangu, jana alasiri nikiwa napandisha mlima wa Kitonga nilimkuta kijana ameegesha pikapu pembeni, mawe yako nyuma ya magurudumu, boneti iko wazi, naye ameinama akikandamiza kile kitufe cha pampu ya mkono kilicho juu ya filta ya dizeli. Nilisimama nikamsaidia kwa kile ninachokijua, tukaachiana namba za simu, nami nikaendelea na safari. Usiku usingizi haukuja, kwa sababu miaka sita iliyopita mimi nilisimama karibu na kona ile ile, nikiwa na magunia tisa ya vitunguu niliyoyapakia Ruaha Mbuyuni, na Hilux yangu ya injini ya 3L haikutaka kusogea hata hatua moja.

Taa ya njano yenye alama ya filta ilikuwa imewaka kwenye dashibodi kwa siku mbili. Nilimuuliza mtu niliyemwamini, akaniambia magari ya zamani huwasha taa ovyo, nami nikaridhika. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri, lakini mlima ulipoanza kudai nguvu, injini ikatetemeka, ikatoa moshi mweupe, ikazima, na nyuma yangu malori yakaanza kupiga honi. Fundi alipofika kwa bodaboda kutoka Ilula alilegeza koki iliyo chini ya filta akakinga kwa chupa ya maji ya kunywa. Tuliiacha chupa itulie, na karibu nusu yake ikawa maji, yamekaa chini kwa sababu lita moja ya dizeli haifiki hata gramu 900, ilhali lita ya maji ni kilo nzima. Dizeli ile niliinunua kwenye madumu barabarani kwa kuwa ilikuwa nafuu. Maji yalikuwa yameshafika kwenye pampu ya dizeli na kutu ilikuwa imeanza kuila ndani, na mzigo wote wa vitunguu uliishia kwenye matengenezo.

Naomba kila aliyepatwa na jambo kama hili alieleze hapa, kwa sababu yule kijana wa jana hakuwa akijua hata kama koki ile ipo.

Kijana wa Makete

Naunga mkono kuhusu taa, mama, kwani mimi nilikaa nayo wiki mbili nikiamini inahusu mlango usiofungwa vizuri.

Dereva Mstaafu, Dodoma

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimeendesha Land Cruiser pikapu za injini ya 1HZ kwa miaka ishirini na saba, na utaratibu wetu ulikuwa kwamba kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha injini, unafungua koki ya filta kwa mizunguko miwili hivi, unakinga chombo, unakandamiza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli safi, kisha unafunga kwa vidole bila spana. Jioni tulikuwa tunajaza tenki, kwa sababu tenki lililobaki nusu lina hewa nyingi ndani, na hewa hiyo ikipoa usiku inaacha matone ya maji kwenye kuta za bati.

Gari likiisha mafuta na hewa ikaingia kwenye mfumo, dawa ni moja tu. Unakandamiza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, halafu unalegeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya injini, mwenzako anapiga stata, hewa inatoka kwa mapovu, na dizeli ikianza kuruka unakaza moja baada ya nyingine. Fanyeni hivyo na mtafika.

Fundi Pampu, Mbeya

Mzee wangu, kwa heshima yote, sentensi yako ya mwisho inaweza kumtia mtu kilema. Hayo uliyoyasema yanafaa kwa 1HZ, 2L, 3L na 5L, ambazo pampu yake ni ya kimekanika. Hilux za 1KD na 2KD, na hizi za GD zilizokuja kuanzia mwaka 2015, zina mfumo wa komoni reli, yaani bomba moja la pamoja linalolisha nozeli zote, na humo dizeli inakaa kwenye presha inayopita baa 1,000. Ukilegeza nati wakati injini inazunguka, mchirizi mwembamba usioonekana vizuri unaweza kupenya ngozi ya kidole na kuingiza dizeli ndani ya nyama. Kidonda cha juu kinakuwa kama cha sindano, mtu anakipuuza, na mkono unakuja kuoza. Likimtokea mtu jambo hilo, akimbizwe hospitali muda huo huo hata kama hasikii maumivu.

Kwenye komoni reli kazi ya fundi wa njiani inaishia kwenye pampu ya mkono. Kandamiza mpaka iwe ngumu, piga stata kwa sekunde chache, pumzisha, rudia. Ikikataa, tafuta mahali inapovuta hewa, na mara nyingi ni mpira wa kati ya tenki na filta uliopasuka karibu na klipu.

Dereva Mstaafu, Dodoma

Fundi, mimi nimetaja 1HZ katika mstari wa kwanza kabisa. Anayesoma nusu ya maelezo asinisingizie.

Fundi Pampu, Mbeya

Umeitaja, mzee, sikatai. Lakini umemaliza kwa kusema dawa ni moja tu na kwamba wote wafanye hivyo, na watu huwa wanaushika mstari wa mwisho.

Mkazi wa Maua, Meru

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu pikapu za miraa zinajulikana kwa mwendo, kwa kuwa miraa ikichelewa inanyauka na haina mnunuzi, kwa hiyo dereva hana nafasi ya kusimama. Nilipoteza mzigo mzima kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta taa. Injini iliwaka vizuri asubuhi, ila ilianza kugonga kama mtu anayepiga bati, na baada ya wiki mbili pampu ikakwama. Mafuta taa ni mepesi na hayana utelezi wa kutosha, ilhali vyuma vya ndani ya pampu havina kilainishi kingine zaidi ya dizeli inayopita humo. Mwaka 2018 serikali yetu iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili uchanganyaji usiwe na faida, nami niliipokea kwa moyo mmoja ingawa mama yangu alikuwa bado anapikia jiko la mafuta taa.

Kijana wa Makete

Lakini huku kwetu mwezi wa saba barafu inaganda kwenye nyasi, na madereva wengi wanaongeza mafuta taa kidogo ili gari liwake asubuhi. Je, wote wanakosea?

Fundi Pampu, Mbeya

Kagueni hita plagi, zile zinazoipasha injini joto kabla ya kuwaka, kabla ya kugusa mafuta. Plagi moja ikifa, gari la dizeli linawaka kwa shida kwenye baridi, linatoa moshi mweupe, linatikisika, na likishapata joto linatulia. Kazi ya kuzipima ni ya robo saa.

Dereva Mstaafu, Dodoma

Hapo namuunga mkono fundi. Kwetu Tanzania kuchakachua kulikuwa kumezidi mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilipoanza mwaka 2010 kuweka vinasaba, yaani alama za kikemikali, kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Sasa haifai mtu achakachue tenki lake kwa mkono wake mwenyewe.

Binti Nyuki, Sikonge

Nimesoma yote kimya, lakini habari ya mpira uliopasuka karibu na klipu imenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi.

Nina pikapu ya petroli yenye kabureta. Mwezi wa kumi, miaka mitatu iliyopita, nilikuwa nikienda Tabora mjini na ndoo ishirini na nne za asali, mdogo wangu wa kiume amekaa kando yangu. Miezi mitatu kabla ya hapo, fundi alibadilisha mpira unaotoka kwenye pampu ya petroli kwenda kwenye kabureta, na kwa kuwa duka la vipuri lilikuwa limefungwa, alikata kipande cha ule mpira wa maji unaopitisha mwanga, akakaza klipu, akaniambia ni imara. Mimi niliufurahia kwa sababu nilikuwa naiona petroli ikipita. Sikujua kwamba petroli inaukausha mpira wa aina ile mpaka unakuwa mgumu kama mfupa.

Tangu asubuhi nilisikia harufu, nikadhani ni dumu la akiba lililokuwa nyuma. Tulipokaribia nusu ya safari, moshi ukaanza kuingia kupitia matundu ya dashibodi. Nilisimama na kuzima injini, na nadhani hilo ndilo lililotuokoa, kwani pampu yake inasukumwa na injini, hivyo petroli iliacha kupanda. Mpira ulikuwa umepasuka na petroli ilikuwa ikidondokea ekzosi. Mdogo wangu aliruka, akavuta boneti akaifungua yote kwa mara moja, na moto uliokuwa mdogo humo ndani ukapata hewa, ukaruka mpaka kwenye uso wake, ukaunguza nyusi na mkono wa kulia mpaka karibu na kiwiko. Nilichomoa mtungi wa kuzimia moto chini ya kiti, nikavuta pini, nikabonyeza, na kilichotoka ni vumbi kidogo kisha kimya. Unga ulikuwa umegandamana chini kwa miaka, kwa sababu niliununua ili nipite ukaguzi na sikuugusa tena.

Tulirusha udongo kwa mikono na kwa khanga yangu. Dereva wa lori aliyekuwa akija alisimama, akaturudisha nyuma, akaishusha boneti kwa fimbo mpaka ikabaki upenyo wa vidole vinne, akaingiza mdomo wa mtungi wake hapo na kupuliza, na moto ukafa. Sikuwahi kulijua jina lake. Ndoo moja ya asali ilipinduka tulipokuwa tukizishusha, na kabla ya nusu saa nyuki walikuwa wamejaa juu yake, na mdogo wangu amekaa chini ya mti anatetemeka, nami namfukuzia nyuki kwa khanga ile ile iliyoungua.

Kijana wa Makete

Pole sana dada. Mdogo wako anaendeleaje, na ndoo nyingine zilipona?

Mtu wa Mpanda

Nimesimamisha kazi nikasoma mara mbili. Pole sana.

Dereva Mstaafu, Dodoma

Pole mwanangu. Lakini boneti lazima ifunguliwe, kwa sababu huwezi kuzima moto usiouona.

Mtu wa Mpanda

Mzee, huo ndio ushauri uliomuunguza mtoto wa watu! Unavuta kishikio cha boneti kilicho ndani ya gari tu, boneti inaachia kidogo, na hapo hapo ndipo unapulizia. Kama huna mtungi, kaa mbali na uache chuma kiungue.

Dereva Mstaafu, Dodoma

Nimekuelewa kuhusu upenyo, na nakubali. Sikubali kumwacha mtu na gari la mkopo likiungua huku akitazama.

Binti Nyuki, Sikonge

Tafadhalini msigombane kwa ajili yangu. Mdogo wangu alipona, kovu lipo, na sasa yeye ndiye anayetingisha na kupindua mtungi kila mwisho wa mwezi ili unga usigande. Ndoo ishirini na tatu zilifika Tabora siku iliyofuata kwa gari la jirani.

Mtu wa Mpanda

Mimi niongeze kuhusu hewa, maana barabara zetu zina vumbi la kutisha wakati wa kiangazi. Nilikuwa naiosha eya klina, yaani filta ya hewa, ya karatasi kwa petroli, nikiona inatoka nyeupe na nzuri, kumbe karatasi inalegea na matundu yanapanuka. Injini ilianza kula oili, na fundi alipofungua mpira wa kuingizia hewa alipitisha kidole ndani kikatoka na vumbi. Tangu hapo napuliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na ikishachoka nanunua nyingine. Wengine wanasema hata kupuliza hakufai kabisa, mimi napuliza.

Na taa ya taiming belti, ule mkanda unaoendesha valvu, ikiwaka kwenye kilomita 100,000, msiizime kwa kubonyeza kitufe tu kama alivyofanya aliyeniuzia gari. Belti yangu ilikatika nikiwa mwendo wa kawaida kabisa, na valvu zikagongana na pistoni.

Mama Vitunguu, Makambako

Nawashukuru, na naomba turudi kwenye koki na mipira, kwa sababu yule kijana wa Kitonga amenipigia asubuhi hii. Amekinga filta yake kwa chupa ya kioo kama nilivyomwelekeza, na maji yamesimama unene wa kidole kimoja. Ametoa maji yote, akapiga pampu ya mkono, gari likawaka, lakini baada ya dakika kumi pampu ile inakuwa laini tena. Gari lake ni 5L.

Fundi Pampu, Mbeya

Basi anavuta hewa. Akague mpira wote kuanzia tenki, hasa chini ya klipu, na ringi ya mpira ya ile koki aliyoifungua, kwani ikikauka haizibi tena. Akibadilisha filta, asimimine dizeli ya dumu kwenye tundu la katikati, maana hilo ndilo la upande wa mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Aijaze kwa pampu ya mkono.

Mama Vitunguu, Makambako

Nimemsomea neno kwa neno. Binti Nyuki, anauliza dukani aombe mpira gani.

Binti Nyuki, Sikonge

Aombe mpira mweusi wa mafuta wenye tabaka la nyuzi ndani, uliochapishwa maandishi ubavuni kwamba ni wa mafuta, na aukunje kwa vidole kabla ya kulipa. Ukionyesha nyufa, auache hapo hapo. Wenye petroli ya nozeli wasichukue ule wa kabureta, kwa sababu presha yao ni kama baa 3 na ule wetu hauwezi kuistahimili. Na klipu anunue mpya.