Mnaoandika maelezo ya zana za ripoti za uhasibu kwa ajili ya AI, mnatuponza

Wakuu, hili limenikaa rohoni, leo nalitoa.

Mtu anatengeneza zana ya kuvuta ripoti za uhasibu ili wakala wa akili mnemba (programu ya AI inayofanya kazi kwa niaba yako) aitumie. Programu kaiandika vizuri, kaijaribu, usalama kaukagua. Akifika kwenye maelezo ya zana anaandika: "Hutoa ripoti ya fedha." Basi! Na pembeni yake kuna zana nyingine kibao, zote "hutoa ripoti".

Jamani, wakala haoni mlichokiandika ndani ya programu. Hata Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha AI na zana ambao kampuni ya Anthropic waliutangaza Novemba 2024 na wengi wenu mnautumia, unampa jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake (taarifa za kujaza, kama tarehe). Maelezo yakiwa matupu atabahatisha, tena kwa kujiamini. Bosi anapokea jibu lenye sentensi safi na namba mbovu, halafu anayeitwa kujieleza ni mhasibu.

Chukueni suala la tarehe. Mizania, yaani ripoti ya mali na madeni ya kampuni, ni hali ya siku moja; faida na hasara ni ya kipindi. Hilo linafundishwa mwanzoni kabisa mwa uhasibu. Lakini zana zote mbili mmezipa tarehe_ya_kuanza na tarehe_ya_mwisho, bila neno la ziada. Nilimuuliza wakala mali zimeongezeka kwa kiasi gani Januari hadi Machi. Akaita mizania kwa 1 Januari hadi 31 Machi. Zana ikaitupa tarehe ya kwanza kimyakimya, ikarudisha salio la 31 Machi, naye akaliripoti salio lote kuwa ndilo ongezeko la robo mwaka! Namba imetoka kwenye vitabu halali, haijakosewa hata senti, na jibu ni uongo mtupu.

Kilichokosekana ni hiki tu: "Huonyesha masalio ya mwisho wa siku iliyotajwa, si mabadiliko ya kipindi. Ukitaka mabadiliko, iite mara mbili kisha utoe salio la mwanzo kwenye salio la mwisho. Kwa robo ya kwanza tumia 31 Desemba na 31 Machi." Angalieni hiyo 31 Desemba. Ukianzia mwisho wa siku ya 1 Januari, miamala ya siku hiyo inapotea kwenye hesabu. Wakala hawezi kuotea jambo la namna hiyo, na aliyeandika zana hakuona haja ya kumwambia.

Alama za chanya na hasi nazo. Kwenye urari (orodha ya masalio ya akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande mwingine) mauzo yanakaa upande wa krediti, na zana nyingine hurudisha krediti kama namba hasi. Wakala anaona mauzo -4,800,000 anadhani kampuni inazama. Zana nyingine inarudisha kila kitu kwa senti bila kusema, kwa hiyo ile milioni 4.8 ni 48,000. Za sarafu gani? Hakuna aliyeandika.

Ripoti ya umri wa madeni ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu hapo anaguswa mteja. Umri unahesabiwa tangu ankara ilipotolewa au tangu ilipopaswa kulipwa? Ankara ya siku 45 zilizopita, yenye siku 30 za kulipa: kwa njia moja inaangukia kundi la siku 31 hadi 60, kwa njia nyingine imechelewa siku 15 tu. Wakala akichanganya hapo, mteja mzuri anaandikiwa barua ya ukali asiyostahili.

Sijagusa bado kama mauzo yanahesabiwa siku ya ankara au siku pesa inapoingia, wala kama miamala ambayo bado ni rasimu imo ndani. Yote hayo ni ya kuandika, mstari mmoja mmoja.

Najua mtasema modeli za sasa zina akili, zitaelewa zenyewe. Zielewe nini, wakati kilichotakiwa kueleweka kimebaki kichwani mwako? Wengine mtasema maelezo marefu yanakula tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli husoma). Basi futeni "zana ya kisasa yenye uwezo mkubwa" mnayoijaza humo, nafasi itapatikana. Sifa hizo zinamsaidia nani kuchagua kati ya leja kuu (kitabu cha miamala ya kila akaunti) na urari?

Ninachodai si kikubwa. Kila zana iseme inatoa nini, kwa siku moja au kwa kipindi, kwa sarafu na alama gani, na isitumike kwa swali lipi, pamoja na jina la zana inayofaa badala yake. Wakala akituma kigezo kisichohusika, mrudishieni kosa linaloeleza tatizo, msikitupe kimya. Na kabla hamjaitoa, mpeni mhasibu ayasome maelezo hayo peke yake, bila skrini wala mafunzo, kisha mumuulize angeitumia kujibu swali gani. Akisita, yaandikeni upya.