Shamba la Maswa: udongo huu ni daraja gani?

Wakuu habari, nataka kununua ekari 4 huko Maswa, Simiyu, nilime mahindi, muuzaji anasema "udongo namba moja" ila mi naona rangi tatu tofauti kwenye shamba moja, juu mchanga, katikati kijivu mgumu, chini mweusi. Nitajuaje upi mzuri?

> Mkuu hamna udongo namba moja kwa kila zao. Wasukuma wa huko wana majina yao ya udongo tangu zamani na yako sahihi kabisa: huo mchanga wa juu ni luseni, tia mihogo na karanga, mahindi utalia. Kijivu mgumu ni itogolo, chini kuna tabaka gumu maji hayapiti, ndo maana watu wanachimba majaruba (vishamba vyenye kingo za kuzuia maji) ya mpunga. Mweusi wa bondeni ni mbuga, una rutuba ila ukilowa unanata mpaka kwenye magoti na kiangazi unapasuka nyufa mkono unaingia.

> Uliza kama kuna ibushi pia, ule wenye vipunje vyeupe vya chokaa, huo kwa mahindi na pamba uko poa. Dondoshea siki, ukitoa povu ndo wenyewe.

> Rangi inadanganya jamani, chimba shimo futi tatu uone mizizi inaishia wapi, halafu peleka sampuli TARI Mlingano (kituo cha utafiti wa kilimo, Tanga) au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro) wapime pH, yaani kiwango cha tindikali. Mahindi yanataka kama 5.5 hadi 7.

> Asanteni, kesho naenda na jembe na chupa ya siki 😂 muuzaji atanishangaa