Muvi ya vita ina ngome ya Wajerumani mlimani na kagari ka kwenye waya, inaitwaje?

Ngosha wa Kirumba: Wakuu heshima kwenu. Kuna muvi niliangalia zamani banda la video mtaani kwetu Mwanza, kiingilio mia, umeme ukakatika haijaisha na hela hatukurudishiwa. Makomando wanaruka na parachuti kwenye theluji wamevaa magwanda ya Kijerumani wanaenda kumtoa jenerali wa Kimarekani kwenye ngome. Sasa kule ukumbini stelingi si akamgeuzia bunduki mwenzake eti mimi ni mtu wa Wajerumani, mara giza. Miaka yote nawaza, jamaa alikuwa msaliti kweli? Na ile ni ya vita au ya ujasusi?

babu_tv: Where Eagles Dare hiyo, ya 1968, Richard Burton na Clint Eastwood. Msaliti wapi, alikuwa anawachora! Wasaliti ni wale wenzao watatu. Akawaambia kama nyie kweli ni wa Wajerumani andikeni majina ya majasusi wenu walioko Uingereza, tulinganishe na yangu. Wakainama wakaandika kama wanafunzi kwenye mtihani. Kanali wa Kijerumani kuja kufungua kijitabu cha Burton, kurasa tupu. Na huyo jenerali wala si jenerali, ni mwigizaji amepachikwa pale.

Mama Kelvin: Yote mawili mdogo wangu. Mwanzo ujasusi mtupu, watu wanauawa kimyakimya hujui nani kafanya, ukishapita huo ukumbi inakuwa vurugu tu, Eastwood anamimina risasi kwenye korido, Burton anapigana juu ya paa la hako kagari ka waya na sururu ya barafu, halafu kuna basi lina jembe la theluji mbele linafagia kila kitu. Ni ndefu ila hulali.

fundi redio: Nzuri ila kuna helikopta inatua uani mwa ngome, ile ni Bell 47, imeruka mara ya kwanza Desemba 1945, Hitler keshakufa 😂 Ngome yenyewe ipo kweli lakini, Hohenwerfen, Austria.

Ngosha wa Kirumba: Duh asanteni, kumbe umeme ulikata dakika chache kabla ya kijitabu! Naishusha usiku huu.

babu_tv: Wakishapanda ndege usizime mkuu. Bado kuna mtu mmoja humo ndani.