Tupeane uzoefu: Apache RTR 160 4V au Pulsar NS160, wewe uliamuaje?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, salamu. Naifungua mada hii kwa ajili ya wale waliowahi kukwama kati ya pikipiki mbili zilizofanana kama shilingi kwa ya pili. Mimi nilikwama hapo kwa miezi minne. Upande mmoja ilikuwapo Pulsar NS160 ya Bajaj, iliyotoka mwaka 2017, na upande wa pili Apache RTR 160 4V ya TVS, iliyofuata mwaka 2018. Zote mbili ni pikipiki za kwenda kazini na kurudi ambazo zimevikwa umbo la michezo: silinda moja, valvu nne (vile vifuniko vinavyoingiza hewa na mafuta na kutoa moshi), injini inayopozwa kwa oili, gia tano, tangi la lita 12 na matairi yasiyo na tyubu. Moja ina ujazo wa cc 160.3 na nyingine cc 159.7.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi hulifanya, yaani nilikaa na karatasi ya takwimu kana kwamba ninasahihisha mtihani. Matoleo ya kwanza yalipishana kwa nguvu farasi moja hivi, 16.5 kwa Apache na 15.5 kwa NS160, na tofauti hiyo ilininyima usingizi. Siku moja nikapiga hesabu nyingine. NS160 ya mwanzo ilikuwa na uzito wa kilo 142. Ukiniweka mimi mwenye kilo 70 inakuwa 212, na mke wangu akipanda nyuma na mkoba wake inafika 270 na ushei. Abiria mmoja hupunguza uwiano wa nguvu na uzito kwa zaidi ya asilimia 20, ilhali lile pengo lililonikosesha usingizi ni la asilimia 6 tu. Nikaona nimekuwa nikigombania punje huku gunia limetoboka.

Ndipo nilipowaomba marafiki wawili waniazime pikipiki zao, kila mmoja kwa siku moja ya kazi, nikaendesha njia yangu ileile ya kilomita 22 kwa saa zilezile za asubuhi. Sikwenda mbio hata mara moja, kwa sababu njia yangu hainiruhusu. Nilichokipima ni gia ya pili katika mwendo wa kilomita 15 kwa saa, wakati gari la mbele linasogea, linasimama, linasogea tena. Nilihesabu mara ngapi nilibana klachi kati ya taa mbili. Nilitazama usukani unakata kona kiasi gani ninapotaka kupenya kati ya magari mawili, na nikasikiliza joto la injini kwenye goti la kulia tuliposimama kwa muda mrefu. Jioni ya siku ya kwanza, kifundo cha mkono wangu wa kushoto kilikuwa kinauma. Jioni ya siku ya pili hakikuuma. Uamuzi wangu ulitoka hapo.

Niliichukua Apache, lakini sikuileta mada hii ili kuipigia debe. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze alichagua ipi, na hasa ni jambo gani lililomfanya aamue.

Mchangiaji wa pili

Ndugu mwanzisha mada, hongera kwa kuazima, maana sisi wengine tulinunua kwa macho. Mimi ni mwanamke wa kimo cha sentimita 157, na kwangu swali la kwanza lilikuwa ni kama nitafika chini. Kiti cha Apache kiko milimita 800 kutoka ardhini na cha NS160 ni 805, kwa hiyo nilijiambia kwamba milimita tano ni unene wa soli ya kiatu, hakuna cha kulinganisha.

Nilipozikalia ndipo nilipojua kwamba kimo cha kiti peke yake hakisemi ukweli wote. Upana wa kiti pale mbele, karibu na tangi, ndio unaoamua mapaja yatatanuka kiasi gani, na mapaja yakitanuka miguu inakuwa mifupi. Juu ya moja ya pikipiki hizo niliweza kuweka nusu ya mbele ya nyayo zote mbili. Juu ya nyingine nilisimama kwa ncha za vidole kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Sitataja ni ipi, kwa sababu mwili wako si wangu. Nawasihi dada zangu waende dukani na viatu wanavyovaa kazini, wakae, wainyanyue pikipiki kutoka kwenye stendi ya pembeni, kisha waisukume kinyumenyume hatua kumi bila kushuka. Muuzaji wangu alinitazama kwa mshangao, nikamwacha ashangae.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni fundi, na nitasema kidogo kuhusu yale yanayonifikia mezani, bila kuitupia lawama kampuni yoyote.

Kwanza, watu wanazipenda injini hizi kwa sababu zinapozwa kwa oili, lakini wengi hawajui maana yake. Oili ileile inayolainisha ndiyo inayobeba joto kutoka kwenye kichwa cha silinda kwenda kwenye rejeta ndogo iliyo mbele ya injini. Oili ikipungua unapoteza mambo mawili kwa pamoja. Ipimeni pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Ukiipima imelalia stendi ya pembeni utadanganyika. Na ile rejeta ndogo msiipige kwa maji ya presha kwa karibu, kwa sababu mapezi yake ni mepesi kama karatasi, na yakilala hewa haipiti.

Pili, valvu nne zinahitaji kupimwa nafasi zake kwa wakati. Mteja hukimbia kuja kwangu anaposikia valvu zinagonga, jambo ambalo ni jema, lakini hatari zaidi ni zile zilizobana, kwa kuwa zenyewe hazipigi kelele. Dalili yake ni pikipiki kuwa ngumu kuwaka na kukosa nguvu, na mwenye nayo huhangaika na plagi na kabureta wiki nzima. Nikishataja plagi, kumbukeni kwamba NS160 ina plagi mbili kwenye silinda yake moja. Kuna waliobadilisha moja na kuisahau ya pili, kisha wakashangaa kuona hakuna kilichobadilika.

Wapenzi wa takwimu huniuliza pia kuhusu umbo la silinda. Apache ina kipenyo cha milimita 62 na mwendo wa pistoni wa milimita 52.9, NS160 ina kipenyo cha 58 na mwendo wa 60.7. Kwa nadharia, yenye mwendo mfupi hupenda mizunguko mingi na yenye mwendo mrefu huvuta vizuri kwenye mizunguko michache. Nadharia hiyo si uongo. Hata hivyo, matoleo ya mwanzo yote mawili yalifikia kilele cha mvuto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika, na kwa kiwango kinachokaribiana sana. Kamshafti (mhimili unaofungua valvu), uwiano wa gia na sproketi (magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo) vina sauti kubwa kuliko vipimo hivyo viwili. Anayekwambia uchague pikipiki moja kwa kigezo hicho peke yake, mwombe akuoneshe sproketi zake zina meno mangapi.

Mchangiaji wa nne

Kwangu aliyeamua ni mama yangu mzazi, ambaye ninampeleka kliniki mara mbili kwa mwezi. NS160 ina viti viwili vilivyotenganishwa, na cha nyuma kimeinuka. Apache niliyoilinganisha nayo ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Kijana anaweza kuruka na kukaa juu ya kile kilichoinuka bila kufikiri. Mama alilishika bega langu, akapandisha mguu, akaushusha, akapandisha tena, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, hapa umeninunulia mti.” Nilicheka, lakini tukaondoka pale dukani bila kulipa.

Niongeze kuhusu usukani. Wa NS160 umegawanyika vipande viwili, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwenye shokapu yake ya mbele, wakati Apache hiyo ilikuwa na bomba moja linalovuka kutoka upande hadi upande. Mgongo wangu, ambao umeshapita miaka 45, uliona tofauti hiyo kabla ya macho.

Mchangiaji wa tano

Nawaomba muongeze kitu kimoja katika mjadala huu: mwaka wa pikipiki. Tunataja majina mawili kana kwamba ni pikipiki mbili, kumbe ni zaidi ya hapo. NS160 ya 2017 ilikuja na breki ya dramu nyuma, na diski ya nyuma ikafuata baadaye. Apache nayo iliuzwa kwa namna mbili: yenye dramu ilikuwa na tairi la nyuma la 110/80 na yenye diski ilikuwa na pana zaidi la 130/70. Nchini India, ambako zote mbili hutengenezwa, sheria ilidai kwamba kuanzia Aprili 2019 kila pikipiki mpya inayozidi cc 125 iwe na ABS, mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapobana breki ghafla. Ilipofika 2023, NS160 ilikuwa imefika nguvu farasi 17.2, ina shokapu za mbele zilizogeuzwa juu chini na ABS ya magurudumu yote mawili. Kulinganisha Apache ya 2018 na NS160 ya 2023 ni kumpambanisha kaka mkubwa na mjukuu wa jirani.

Nilijifunza hayo kwa gharama. Nilinunua pikipiki ya mkononi, mojawapo ya hizi mbili, nikiamini niliyosoma kuhusu ABS. Asubuhi moja ya mvua, mtoto wa shule alikatisha mbele yangu, nikaivamia breki ya mbele kwa imani yote. Gurudumu lilijifunga. Nilimkosa mtoto, namshukuru Mungu, lakini nililala chini pamoja na pikipiki yangu, na goti la suruali likabaki barabarani. Nilipoinuka ndipo nilipoitazama vizuri ile rimu ya mbele: hapakuwa na ile pete ndogo yenye matundu ambayo kihisio cha ABS huisoma. Ilikuwa toleo la awali. Aliyeniuzia hakunidanganya kwa neno lolote, kwa sababu mimi sikumuuliza. Leo mtu akitaka ushauri wangu kuhusu pikipiki ya mkononi, namwambia achuchumae mbele ya gurudumu kabla hajauliza bei.

Mwanzisha mada

Nawashukuru wote. Hoja ya mwaka sikuifikiria kabisa, na nimekimbia nje kuchuchumaa. Pete ipo.

Namjibu aliyeniuliza pembeni kuhusu matumizi ya mafuta: sikulipa jambo hilo uzito mkubwa, kwa kuwa kwa injini mbili zinazokaribiana hivi, mkono wa dereva, presha ya matairi na ulegevu wa mnyororo vinaweza kulifunika pengo lote. Kama ungependa kujua, jaza tangi pomoni, endesha wiki nzima, jaza tena pomoni kwenye pampu ileile, kisha gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu ndipo uamini.

Mchangiaji wa sita

Yetu ni fupi. Mimi na mdogo wangu tulibishana miezi miwili, tukashindwa kukubaliana, kila mmoja akanunua yake: mimi NS160, yeye Apache. Mimi ni mrefu na ninasafiri barabara kuu kilomita 40 kila siku. Yeye ni mfupi na anafanya kazi katikati ya mji, kwenye foleni. Kila mmoja alichagua kwa kutumia hoja alizozisoma, na kila mmoja alijitetea mbele ya mwenzake kwa ukali.

Mwezi wa saba pikipiki yangu ilikuwa kwa fundi, nikachukua yake kwa siku tatu, na yangu ilipotengemaa akaichukua yeye ili anirudishie nyumbani. Hakuirudisha siku hiyo, wala ya pili yake. Siku ya tatu nilimpigia simu nikitaka kumwambia asiwe na haraka, na kabla sijafungua mdomo akaniomba wiki moja zaidi, eti anataka kuizoea breki. Kumbe ile NS160 ya barabara kuu ilikuwa inamfaa yeye wa foleni, na ile Apache ya mjini ikanifaa mimi wa mbali, kinyume kabisa na tulivyotabiri sote wawili. Hatujawahi kukiri jambo hilo kwa sauti. Kadi ya umiliki ya ninayoiendesha ina jina lake mpaka leo, na ya anayoiendesha ina langu.