Naomba kujuzwa jina la mti huu wa bondeni kabla sijaukata

MkulimaWaBondeni: Ndugu zangu, nina shamba upande wa chini wa mto Rufiji, mahali ambapo maji ya bamvua hufika yakiwa na chumvi kidogo. Kando ya bwawa langu la perege umeota mti nisioufahamu: majani yake mapana yamejikusanya kwenye ncha za matawi, maua yananing'inia katika shada refu kama mkono wangu, yakiwa na nyuzinyuzi nyeupe zenye wekundu, na tunda lake lina ukubwa wa yai na pembe nne. Naomba jina lake, na kama ni salama kuuacha karibu na samaki.

MjukuuWaMvuvi: Huo ni mkandaa. Marehemu babu yangu alichemsha gome lake kwa ajili ya kupaka rangi nyavu, na wekundu ule haukumtoka mikononi hata siku ya Idi.

NahodhaMstaafu: Si mkandaa, kwa sababu tunda la mkandaa huchipua likiwa bado mtini, likaning'inia kama kijiti. Huo ni mtomondo, ambao huota nyuma ya mikoko, penye maji yenye chumvi kidogo zaidi, na tunda lake huelea mpaka likwame kwenye tope. Lakini kwa nini unahofia samaki?

MkulimaWaBondeni: Vifaranga wangu wa perege wamekufa.

NahodhaMstaafu: Baada ya kufanya nini?

MkulimaWaBondeni: Nitasema. Mafuriko yaliingiza samaki wa mtoni bwawani, na mzee jirani akanieleza kuwa mbegu za mti huo zikipondwa huwalevya samaki. Nilizitumia, wakaelea, na siku ya tatu nikapandikiza vifaranga. Naamini maua na majani yanayodondoka ndiyo yanayoendeleza sumu, na mwenye msumeno nimeshampa nusu ya malipo.

UstadhWaKilwa: Ndugu yangu, maji unayoyatia sumu wewe, mwenzako huyateka kwa kunywa.

MtafitiWaMimea: Mimi nina shaka na habari hii nzima. Maua ya mtomondo hufunguka jioni, na kunapokucha mengi yameshadondoka. Mkulima wa mchana angeyaonaje yakining'inia? Haya yametoka kitabuni.

MkulimaWaBondeni: Tangu samaki wafe nalala kibandani kando ya bwawa, nami huyaona kwa tochi. Asubuhi huwa yametanda juu ya maji, na hilo ndilo linalonitisha.

MtafitiWaMimea: Basi naomba radhi.

NahodhaMstaafu: Mti ulikuwapo, maua yakidondoka kila alfajiri, na samaki wa mtoni waliishi chini yake mpaka ulipoponda mbegu. Mbegu zina saponini, ambayo huharibu matamvua hata samaki akashindwa kupumua. Usiyafungulie maji hayo mtoni. Weka vifaranga watano kwenye ndoo ya maji ya bwawa, uwatazame siku kadhaa kabla ya kupandikiza tena. Tena, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bwawa lako liko umbali gani?

MkulimaWaBondeni: Hatua arobaini. Nililikuta limeshachimbwa nilipolinunua shamba, na gharama zote nimeshaziingia. Mwenye msumeno anakuja kesho asubuhi. Nimempigia mara mbili, hajapokea.