Tupeane uzoefu: Uliwahi kulipia mtandao wa kutafuta mchumba? Yalikukuta yapi?

Msafiri Mpweke
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliotoa pesa. Mnaotumia bure mna kero zenu na nyuzi zenu zimejaa. Na visa vya matapeli waliojifanya wapenzi wakaomba nauli navyo vimeandikwa sana. Hapa tuziongelee kampuni zenyewe: ulilipia nini, ulipewa nini, na siku ulipotaka kutoka ilikuwaje. Kwenye kisa chako usitaje jina la kampuni, tusije tukafungiwa uzi.

Naanza. Kilichonitoa pesa mfukoni ni picha yenye ukungu. Unaambiwa kuna mtu amekupenda, unaletewa picha yake imefifishwa, unaona rangi ya nguo na kivuli cha nywele tu. Nguo nyekundu. Chini yake: lipia umuone. Nikavumilia, arifa zikazidi, nyingi zikiingia usiku mtu umeshajilaza na mawazo yako. Nikachukua kifurushi cha miezi sita, maana cha mwezi mmoja kimewekewa bei ya kukukomoa ili hicho kirefu ukione nafuu. Ukungu ukaondoka. Mwenye nguo nyekundu yuko bara jingine, wasifu wake ameuandika kwa lugha nisiyoijua, na hakuna dalili kwamba karibuni aliingia mtandaoni. Wengine waliosemekana wamenipenda, akaunti zao zilikuwa zimeshaondolewa. Tena tangu nilipe, arifa za kupendwa zikakauka kabisa. Kabla sijalipa nilikuwa mtu wa kugombaniwa!

Kauli Fupi
Mtu wa kugombaniwa 😂😂 nimecheka kwa uchungu maana ni mimi huyo.

Nyota ya Jaha
Yangu ni ya kutoka. Nilipata mtu wangu, na wala si huko mtandaoni, nikafuta apu kwenye simu nikaendelea na maisha. Kadi ikaendelea kukatwa. Nikawaandikia huduma kwa wateja, ikajibu mashine: "Tunasikitika kusikia hivyo! Hizi hapa mbinu za kuboresha wasifu wako." Nikaandika tena, herufi kubwa tupu. Mbinu zilezile, safari hii na alama ya moyo.

Ukurasa wa kusitisha nilikuja kuupata mwenyewe. Unaingia mipangilio, halafu akaunti, halafu "simamia mpango wako". Huko kitufe cha "Endelea kufaidi" kimenona, kina rangi, kimejaa upana mzima wa skrini. Cha kusitisha ni maandishi ya kijivu yaliyopauka chini yake, hata umbo la kitufe hayana. Ukiyagusa unaombwa nywila. Kisha dodoso, kwa nini unatuacha. Kisha unapewa punguzo. Kisha swali la mwisho: "Je, ungependa kughairi kusitisha?" Ndiyo au Hapana. Nikaganda pale na kidole hewani. Nilibonyeza Hapana, ukurasa ukanirudisha mwanzo bila neno lolote la kuthibitisha, na barua pepe haikuja.

Mla Kona
Aliyetunga hilo swali alale salama tu.

Fundi wa Usiku
Dada Nyota, pole sana. Niwafafanulie wengine hapa maana simu za watu zinapita mikononi mwangu kila siku na hili naulizwa sana. Ukifuta apu umeondoa alama tu kwenye simu. Makubaliano ya kukatwa pesa hayakai ndani ya apu.

Kama ulilipia kupitia iPhone, makubaliano yako yako Apple: mipangilio, gusa jina lako juu kabisa, ingia usajili. Kama ni Android, fungua Play Store, gusa picha yako, malipo na usajili. Lakini kama uliweka namba ya kadi kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, hao wawili hawana habari nawe, inabidi urudi palepale kwenye tovuti. Hapa ndipo watu wanapoumia: anafungua orodha ya usajili kwenye simu, haoni kitu, anapumua. Kumbe alijiunga kwa kompyuta.

Halafu usingoje siku yenyewe. Kwa Apple makato yanaweza kupita ndani ya saa 24 kabla ya kipindi kuisha. Na kwenye maduka hayo yote mawili ukisitisha mapema kwa kawaida unaendelea kutumia hadi muda uliolipia uishe, kwa hiyo mimi huwaambia wateja wangu walipie na wasitishe wakiwa bado wamekaa kwenye kiti changu. Kila hatua piga skrinishoti.

Mama Subira
Wanaume mnalia mnalipa hamjibiwi. Njooni huku kwetu. Mimi ukifungua akaunti yangu ni mafuriko: "mambo", "mambo mrembo", "mbona kimya", na picha ambazo sikuziomba. Nikaambiwa nikilipia nitachuja, nione wanaotaka ndoa tu. Nikalipia. Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha iliyochujwa, wasifu wake umeandikwa "nipo nipo tu". Nikauliza, nikajibiwa kwamba mfumo "huzingatia" chaguo zangu, haumfungii mtu nje. Basi nimelipia kuzingatiwa.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mwanamume analipia aniandikie mara nyingi zaidi, na mimi nalipia nisimuone. Kampuni inakula pande zote mbili, na mafuriko hayapungui kwa sababu yakipungua nani atanunua chujio?

Msafiri Mpweke
Mama Subira hiyo aya ya mwisho naomba niiazime.

Kinyozi Mstaafu
Vijana, mimi nimevuka hamsini, mke wangu alitangulia mbele ya haki. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea hiyo programu. Tumekaa benchi moja, simu zetu zinafanana, apu ileile, kifurushi kilekile jina na muda. Yake bei moja, yangu karibu mara mbili yake. Nikadhani nimesoma vibaya, nikavaa miwani. Ni ileile. Nikamuuliza, wametoza mvi hawa?

Kauli Fupi
Mzee shikamoo, "wametoza mvi" 🙌

Msomaji Kimya
Shikamoo mzee wangu. Hukusoma vibaya, jambo hilo limewahi kufika mahakamani. Tinder walipoanzisha kifurushi cha Plus mwaka 2015, Marekani walio chini ya miaka 30 walilipa dola 9.99 na waliozidi hapo walifikishwa hadi 19.99. Walijitetea kwamba vijana hawana pesa. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya California ikaikataa hoja hiyo, ikaona ni kumbagua mtu kwa umri wake. Ulaya nako, Machi 2024 Tinder iliiahidi Tume ya Ulaya kwamba itawaambia wateja pale punguzo wanaloletewa limepangwa na mashine kwa kuangalia mtu.

Na mkuu Msafiri, hiyo ya arifa kukauka baada ya kulipa ndiyo iliyonitoa kwenye ukimya wangu. Mwaka 2019 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki Match Group, kampuni inayomiliki Tinder na mtandao mwingine wa wachumba, Match.com. Moja ya madai: kwamba Match.com, ikishaitilia shaka akaunti kuwa ya tapeli, ilizuia ujumbe wake usiwafikie waliokwisha kulipa, lakini ambao hawajalipa waliletewa tangazo kwamba kuna mtu amevutiwa nao, lipia usome. Kampuni ilikanusha, na mwaka 2022 mahakama iliyatupa madai ya akaunti za uongo kwa kinga ambayo sheria ya Marekani inaipa mitandao kwa yanayowekwa na watumiaji. Kwa hiyo halikuthibitishwa, tusije tukaliimba kama limethibitishwa.

Yaliyobaki mezani ndiyo mnayoyasimulia hapa: dhamana ya miezi sita (usipompata mtu, unaongezewa sita bure) yenye masharti yasiyoelezwa vizuri, kusitisha kunakozungusha watu, na kufungia akaunti za waliopinga makato benki wakashindwa, huku muda waliolipia ukiwa bado upo. Agosti 2025 Match Group ikakubali kulipa dola milioni 14 na kurahisisha kutoka.

Mwenye kupenda kisa kilicho wazi zaidi atafute cha JDI Dating ya Uingereza, mwaka 2014. Wao ujumbe wa mapenzi kwa wageni waliutuma wenyewe, kwa wasifu waliotunga. FTC iliwatoza dola 616,165.

Mla Kona
Yaani unalipia kusoma barua ya mhasibu wao 😭

Baba Pacha
Mimi nitawaudhi kidogo. Nililipia, nikapata mke, tuna watoto. Na nadhani hasira nyingi humu ni za upweke zimevaa nguo za mteja. Kampuni haiwezi kukuuzia mtu, inakuuzia nafasi ya kuonekana. Ukishaonekana na hukupendwa, hilo si kosa la huduma.

Ila kutoka, hapo nakubaliana nanyi mia kwa mia. Niliifuta akaunti, nikapata ujumbe wa kwaheri. Ndoa imeshapita, shoga yake mke wangu anamtumia picha: mume wako huyu, yuko "karibu nawe". Wasifu wangu wote umo, hadi ule utani wa kupika. Kumbe nilikuwa "nimesimamisha", na kufuta ni kitufe kingine, ukurasa mwingine. Mke wangu ni mwelewa lakini jioni ile nilieleza hadi sauti ikakauka.

Mama Subira
Kaka, mtu mwenye mke na watoto kupitia hukohuko hawezi kutupimia upweke wetu. Mimi sikudai kupendwa. Nilidai chujio lichuje.

Baba Pacha
Hapo dada umenishika.

Msomaji Kimya
Baba Pacha shukuru ni kupika tu. Ashley Madison, mtandao wa walio kwenye ndoa wanaotafuta michepuko, waliwatoza watu dola 19 ili wafutwe kabisa, na data zilipoibwa na kumwagwa mwaka 2015, waliolipia kufutwa walikutwa humo.

Chapakazi
Naomba msaada wa haraka. Nimefungiwa akaunti jana, wanasema nimekiuka masharti, hawasemi sharti gani. Kifurushi nilikilipia juzi na kinaonekana kitajirejesha. Nikitaka kuingia nisitishe siwezi, maana nimefungiwa. Nifanyeje?

Fundi wa Usiku
Ulilipia kupitia wapi?

Chapakazi
Play Store.

Fundi wa Usiku
Basi una bahati, hauhitaji kuingia kwao. Sitisha Play Store sasa hivi, njia nimeiandika juu. Kisha omba marejesho kwa Google wenyewe leo hii, kabla saa 48 tangu ulipe hazijapita; zikipita watakuelekeza kwa kampuni ya apu na hao ndio waliokufungia. Usianze na benki, makato yakipingwa benki mambo huwa marefu.

Chapakazi
Kusitisha imekubali, na barua pepe imeingia. Fomu ya marejesho nimejaza, kwenye sababu nimeandika nimefungiwa bila kuambiwa kosa. Nitaleta mrejesho wakinijibu.